Mgeni wa Jana Ndiye Mwenyeji wa Kesho

Sifa njema zote anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyetoka Makka akiwa muhajiri na akapokewa Madina akiwa ndugu.

Usiku mmoja wa Novemba mwaka jana, baada ya swala ya Isha, wazee wa safu ya kwanza katika msikiti wetu hapa Mchukwi hawakuondoka mapema kama ilivyo ada yao. Mmoja wao alikuwa ameshika redio yake ndogo, na habari aliyoisikia ilikuwa imemkaa moyoni. Tarehe 4 ya mwezi huo watu wa jiji la New York walikuwa wamemchagua Zohran Mamdani kuwa meya wao, Muislamu wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kijana huyo alizaliwa Kampala mwaka 1991, akahamia New York akiwa na umri wa miaka saba, na uraia wa Marekani aliupata mwaka 2018 tu. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na baada ya hapo alipata kufundisha katika Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam.

Mzee akatugeukia akasema, "Katibu, hebu tueleze, mwanangu. Mtoto kazaliwa Kampala, baba yake alifukuzwa kwao, leo anakabidhiwa mji mkubwa kama ule. Kwani mji ule hauna wenyewe?"

Wenzake wakacheka, nasi tukacheka nao. Tulimjibu kwa kifupi, tukazima taa za msikiti, tukafunga mlango. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani. Lilitukumbusha barua moja iliyomo katika jalada la kamati, barua tuliyoiandika kwa mkono wetu wenyewe, iliyojengwa juu ya fikra ile ile, kwamba mahali pana wenyewe, na asiye mwenyewe hana budi kungoja nje.

Ndugu msomaji, ruhusa tuisimulie barua hiyo kwanza, maana hatuoni haki kuizungumzia Marekani na wahamiaji wake kabla ya kuufungua mlango wetu wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2018. Wakati huo tulikuwa ndio kwanza tumetoka chuoni, tumekabidhiwa kalamu na muhuri wa kamati. Wilaya yetu ya Kibiti, pamoja na jirani zetu wa Rufiji na Mkuranga, ilikuwa imetoka katika majonzi mazito ya miaka miwili iliyotangulia, ambapo watu waliuawa na nyumba nyingi zikaachiwa vilio. Hofu ilikuwa bado haijatutoka. Mgeni akiingia msikitini, macho yote yalimgeukia kabla hajavua viatu.

Katika hali hiyo zikafika familia tatu za wafugaji na ng'ombe wao. Wafugaji walikuwa wameanza kushuka kwetu tangu serikali ilipowaondoa katika bonde la Ihefu mwaka 2006, na msomaji wa Rufiji hana haja ya kuelezwa ugomvi uliozuka baina ya jembe na fimbo. Lakini familia hizi tatu zilikuwa za Waislamu, watu wenye asili ya Usukumani waliokulia Tabora. Wiki ya pili tu tangu wafike, baba mmoja alituletea madrasani watoto kumi na mmoja, wamepangwa mstari kama wanaokwenda kupimwa urefu.

Manung'uniko yakaanza. Ng'ombe wameingia katika ufuta wa fulani. Watoto hawa matamshi yao mazito, watawaharibia wenzao makhraj. Mikeka haitoshi. Na lililosemwa kwa sauti ya chini kuliko yote: tukiwapokea hawa, watawaita na ndugu zao. Kamati ikakaa, ikaamua, nasi tukaandika. Tuliandika kwa lugha ya adabu, tukaanza kwa salamu na kumalizia kwa dua, lakini katikati tulisema kwamba familia zilizokwisha kufika zinaombwa zisilete watoto zaidi, na waliokwisha kuletwa wangoje nyumbani mpaka utaratibu utakapotolewa. Utaratibu wenyewe haukuwapo. Neno hilo tulilitumia kwa kuwa ni zuri la kufunikia "hapana".

Yule baba alikuja na barua mkononi siku ya tatu. Alituomba tumsomee, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri. Tukamsomea yote, mpaka muhuri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Ustadhi. Sasa hawa watoto nikawasomeshe wapi?" Hakuwa amekasirika, na wala hakutushitaki kwa mtu. Aliuliza kama anavyouliza msafiri aliyepotea njia. Tukakosa jibu. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akaondoka.

Miezi miwili watoto wale hawakuonekana. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, akasimama mzee mmoja, huyu huyu mwenye redio. Alisema kwamba mwaka 1968 mto Rufiji ulipofurika, yeye alikuwa mtoto wa miaka minane huko bondeni, na Operesheni iliyofuata ndiyo iliyowahamishia watu miinukoni kando ya barabara. Baba yake alifika huku na mkeka, jembe moja na kuku wawili. "Nawauliza wenye msikiti," akasema, "marehemu baba yangu aliandikiwa barua na nani?"

Hakuna aliyejibu. Jioni ile watu wanne wa kamati tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye boma la wale jamaa. Tulipoomba radhi, yule baba alituletea maziwa kabla hatujamaliza kusema. Barua yetu aliitoa ndani ya juzuu ya watoto, ambamo alikuwa ameihifadhi ili isipotee, kwa kuwa aliamini kwamba karatasi yenye jina la Allah haitupwi. Tuliipokea kwa aibu ambayo mpaka leo hatujapata neno la kuieleza.

Sasa tuvuke bahari. Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, upo mji uitwao Lewiston, mji wa watu wasiozidi elfu arobaini, kando ya mto Androscoggin. Wapenzi wa ndondi wa zamani wanaujua bila kujijua, maana ndipo Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza tarehe 25 Mei 1965. Mji huo ulijengwa na viwanda vya nguo. Viwanda vilipofifia, vijana walihama, na maduka ya katikati ya mji yakafungwa moja baada ya jingine.

Kuanzia mwaka 2001 familia za Kisomali zilianza kuhamia Lewiston kutoka miji mikubwa, zikitafuta nyumba za bei nafuu, shule zenye utulivu na mahali salama pa kulelea watoto. Baadaye wakawafuata wale waitwao Wasomali Wabantu. Hawa ni ndugu zetu kwa maana ya karibu zaidi. Mababu zao walitolewa katika pwani na bara yetu hii katika karne ya 19. Wamo Wazigua wa Tanga, wamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, ambao wengi wa jinsi yao walipitishwa katika soko la Kilwa, hapa kusini yetu. Walipelekwa Somalia utumwani, wakafanya makazi katika bonde la mto Juba, wakasilimu, na wapo miongoni mwao wanaozungumza Kizigua mpaka leo. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walirudi kwa bahari mpaka Tanga, wakapata makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wao wakapewa uraia wa nchi yetu. Wengine waliishi kambini Dadaab na Kakuma, nchini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawapokea zaidi ya elfu kumi.

Je, Lewiston iliwapokeaje? Oktoba 2002 meya wa mji ule aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali. Aliwaomba wawaambie ndugu zao wapunguze kuja, kwa kuwa mji umelemewa. Tulipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, mwili ulitusisimka. Ilikuwa barua yetu, imeandikwa na mtu mwingine, katika lugha nyingine, miaka kumi na sita kabla yetu.

Barua ile iliwaita wabaya. Januari 2003 kundi la wabaguzi wa rangi lilitangaza mkutano mjini humo wa kuwapinga Wasomali. Waliojitokeza kuwaunga mkono hawakufika mia. Siku hiyo hiyo maelfu ya wakazi, wengi wao wasio Waislamu, walikusanyika upande mwingine wa mji kusema kwamba wageni wale ni majirani zao. Mambo hayakuishia hapo, wala hatutaki kumdanganya msomaji. Mwaka 2006 mtu mmoja alirusha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa Lewiston watu wakiwa katika swala. Waislamu wale walisubiri, wakaiacha sheria ifanye kazi yake, wakaendelea kuswali.

Lakini tazama watoto. Novemba 2015 timu ya mpira wa miguu ya sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo la Maine bila kufungwa mchezo hata mmoja, na wachezaji wake walikuwa vijana wenye asili ya Somalia, Kenya na Kongo pamoja na vijana wa Kizungu wa pale pale. Mwaka 2019 Safiya Khalid, binti aliyezaliwa Somalia, mwenye miaka 23, akachaguliwa kuingia katika baraza la mji, baraza la mji ule ule uliowaandikia wazee wake barua. Mwaka 2021 Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, akawa meya wa South Portland katika jimbo hilo hilo. Mwaka uliofuata yeye na Mana Abdi wa Lewiston walichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya bahati. Sisi tunaona kanuni ndani yake. Wenyeji wa Lewiston waliowaona Wasomali kuwa mzigo, wengi wao ni wajukuu wa wahamiaji waliotoka Quebec, Kanada, kuja kufanya kazi katika viwanda vile. Mababu hao walikuwa Wakatoliki na lugha yao ilikuwa Kifaransa. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilitunga sheria ya kulazimisha Kiingereza katika kufundishia, na watoto wao wakawa wanaadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya mama zao shuleni. Katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilipata nguvu katika jimbo hilo kwa kuwachukia wao. Haukupita umri wa mtu mmoja, watoto wa waliochukiwa wakawa ndio wenye mji. Kwa hiyo swali la mzee wetu lina jibu. Mji ule una wenyewe, nao ni wageni wa jana waliokaa, wakafanya kazi, wakazika wazee wao pale, wakasomesha watoto wao pale.

Hayo ndiyo yanayotupa matumaini juu ya familia za wahamiaji na juu ya Marekani yenyewe. Nchi hiyo iliwahi kuweka sheria, mwaka 1924, ya kuchagua wahamiaji kwa asili zao ili Waasia na watu wa mataifa mengine wasiingie ila kwa uchache sana. Ikaja ikaifuta mwaka 1965. Nchi hiyo hiyo ilimweka utumwani Omar ibn Said, mwanachuoni wa Kiislamu kutoka Afrika Magharibi, ambaye mwaka 1831, akiwa mtumwa huko North Carolina, aliandika maisha yake kwa Kiarabu. Leo katika jiji la Minneapolis, tangu mwaka 2023, adhana inaruhusiwa kutolewa kwa vipaza sauti nyakati zote tano. Mwaka 2018 Ilhan Omar, aliyeishi ukimbizini Kenya akiwa mtoto, alichaguliwa kuwa mbunge, na kanuni ya mwaka 1837 iliyokataza kuvaa kofia ndani ya ukumbi wa Bunge ikarekebishwa ili aingie na hijabu yake. Hatusemi kwamba kila asemacho mwanasiasa mwenye jina la Kiislamu ni cha kufuatwa. Dini haichukuliwi kwa wanasiasa. Tunasema kwamba mlango uliofungwa na mkono wa mtu hufunguliwa na mkono wa mtu, Allah akipenda.

Wala hatuyafumbii macho ya leo. Mwaka 2017 Somalia na nchi nyingine za Waislamu zilipigwa marufuku kuingia Marekani. Mwaka 2020 hata Tanzania yetu iliwekewa zuio katika ile bahati nasibu ya viza, kabla ya kuondolewa mwaka uliofuata. Januari 2025 upokeaji wa wakimbizi ulisimamishwa, na maneno makali dhidi ya wahamiaji yanasikika kutoka vinywa vikubwa. Mzazi aliyeko huko anapompeleka mtoto shule asubuhi ana haki ya kuhofu. Lakini barua ya kufukuza si neno la mwisho. Sisi tuliyoandika moja tunalijua hilo.

Waislamu hatukuanza kuyajifunza haya jana. Masahaba walipohamia Uhabeshi walifika katika nchi ya mfalme Mkristo, na Makureshi wakatuma wajumbe kuwataka warudishwe. Ja'far bin Abi Talib (RA) alisimama mbele ya Najashi, akaeleza imani yake kwa ukweli na adabu, na mfalme akakataa kuwatoa. Madina nako, Sa'd bin Rabi' (RA) alijitolea kumpa Abdurrahman bin Auf (RA) nusu ya mali yake. Muhajiri yule akamwombea baraka, akamwambia amwonyeshe njia ya sokoni. Katika visa hivi viwili kila upande una wajibu wake. Mwenyeji afungue mkono, na mgeni aulize soko liko wapi. Wahenga wetu walilisema kwa jembe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma methali hii kama njia ya kumchosha mgeni. Sisi tunaisoma vingine, kwamba aliyepewa jembe amepewa na shamba, na aliyepewa shamba si mgeni tena.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo machache. Mzazi mwenye mwana au ndugu ughaibuni asimpigie simu kwa kuomba fedha tu. Amuulize watoto wanasoma Qur'ani wapi, wanazungumza lugha gani na bibi yao, na kama wanamjua jirani yao kwa jina. Mtoto asiyeijua dini yake atapotea kati ya watu, na mtoto asiyeijua lugha ya wenyeji wake atabaki mgeni mpaka uzeeni. Yote mawili yanabebeka kwa pamoja, na vijana wa Lewiston wameonyesha hivyo.

Na sisi tuliobaki, tusiisifu Marekani kwa kumchagua mtoto wa Kampala ilhali tunamkatalia mkeka mtoto wa Tabora. Aya ya 9 ya Surat al-Hashri inawasifu Ansari kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza kuliko nafsi zao, hata wao wakiwa na dhiki. Haisemi kwamba Ansari walikuwa na mikeka ya kutosha.

Hapa kwetu mambo hayajanyooka yote. Mwaka jana ng'ombe waliingia tena katika mpunga wa mtu, na maneno yalikuwa makali. Tofauti ni kwamba sasa yapo mahali pa kuyasemea, kwani mmoja wa wale akina baba watatu ni mjumbe wa kamati, na fidia ilikubaliwa siku ile ile kabla ya Magharibi. Kati ya wale watoto kumi na mmoja, wawili sasa wanawafundisha wadogo herufi. Binti mmoja amehifadhi juzuu tatu, na makhraj yake ndiyo tunayowasikilizisha wengine.

Barua ile tunayo bado. Tulitaka kuichoma, lakini mzee wa redio akakataa, akasema waliokuja nyuma yetu wana haki ya kuiona. Imo katika jalada, mahali pake kwa tarehe yake. Juu yake tumeandika neno moja kwa wino mwekundu, "Imefutwa", na chini tumetia saini ileile iliyoiandika.

Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi wahajiri wetu popote walipo, azilainishe nyoyo za wenyeji wao, na azilainishe zetu kabla ya zao. Amin. Wabillahi tawfiq.